Mkanda wa Mtasema

Nikolao wa Makote alikuwa na vitu viwili ambavyo hakumwazima mtu: kinyago na mbwa. Mwaka ule walipokuja kumwambia achague kimoja, alinyamaza hadi wale waliomwambia wakaanza kutazamana.

Kinyago alikirithi kwa mjomba wake. Kwa Wamakonde wa wakati ule mali ya maana haikutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na mpwa naye akaitunza mpaka apate wa kumwachia. Kilichongwa kwa mti mwepesi, uso wa mwanamume mwenye chale mashavuni, kichwani nywele za mtu zilizoshikizwa kwa nta. Kilicheza siku vijana walipotoka jando, katika ngoma ya midimu. Mchezaji alifunikwa nguo mwili mzima, mikono ikafungwa vitambaa, kiunoni akavaa njuga, asionekane hata ukucha. Hakutamka neno. Mbele ya wanawake na watoto yule hakuwa mtu, alikuwa mzimu uliotoka porini kuja kuwapokea vijana. Emilia, mke wa Nikolao, aliishi na mchezaji huyo tangu usichana wake, na jioni ya ngoma alimwekea maji ya moto ya kukanda miguu bila kuuliza imevimba kwa nini. Hiyo ilikuwa adabu. Leo wenye shule wanaiita ujinga.

Kabla ya kuvaa, mchezaji alikaa porini akajifukiza. Moto ulikokwa kwa majani ambayo mjomba alimwonyesha mpwa wake tu, na mtu alikaa kwenye moshi ule mpaka harufu yake ikamtoka. Mjomba alimwambia Nikolao, "Kinyago kisinuke mtu. Mbwa wako mwenyewe akikiona, abweke. Akibweka, wanawake hawana tena swali."

Na mbwa alikuwepo wa kubweka. Jina lake Mtasema, rangi ya mchanga, sikio moja limepasuliwa na nguruwe pori. Nikolao alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliosema kwamba mwenzao anampenda mbwa kuliko ndugu. Hakugombana nao. Kila jioni alisimama uani akamwita mbwa kwa sauti kubwa, "Mtasema! Mtasema!", na majirani wakapata jibu lao. Alikuwa mbwa wa kelele kweli. Aliwabwekea nyani kwenye mihogo, aliibwekea baiskeli, aliibwekea kengele ya kanisa. Siku ya midimu alikibwekea kinyago toka kinatokea hadi kinarudi porini, na wazee walifurahi, maana ndivyo ilivyotakiwa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Chama cha ushirika kikaishiwa nguvu, wanunuzi binafsi wa korosho wakaupanda mlima wa Newala na malori yao, na kila mwenye malori alitaka kuonekana. Ngoma nayo ikapata kamati, na kamati ikapata mfadhili: kampuni moja ya korosho iliyotoa turubai, jenereta, soda na fulana zenye jina lake mgongoni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Fortunatus, mtoto wa dada yake Nikolao, wakala wa kampuni hiyo hiyo. Ndiye pia mpwa aliyepaswa kukirithi kinyago.

Fortunatus alifika kwa mjomba wake na wajumbe wawili, wiki chache kabla ya vijana kutoka. Mtasema aliwapokea tangu barabarani.

"Shikamoo mjomba!" Fortunatus alipaza sauti.

"Marahaba. Mbwa ameshawaona, sasa nami nawaona. Karibuni."

"Ndiye aliyetuleta, huyo huyo! Mwaka jana mgeni rasmi alishika kipaza sauti akakiacha, akashika akakiacha. Yeye anahutubia, mbwa anahutubia."

"Nani alieleweka zaidi?"

Mjumbe mmoja alicheka, akamwona mwenyekiti wake hacheki, akajifanya anakohoa.

"Mjomba, safari hii anakuja meneja mwenyewe kutoka Dar es Salaam. Hatutaki aibu. Kamati imeamua. Ama mbwa auawe, ama kinyago kichezwe na wengine."

"Wengine akina nani?"

"Kuna kikundi pale Newala mjini. Wana kinyago chao na nguo zao."

"Kinyago cha kukodi."

"Siku hizi kila kitu kinakodiwa, mjomba."

Hapo ndipo Nikolao aliponyamaza. Magoti yake yalikuwa yameanza kumkatalia, na alikusudia mwaka ule uwe wa mwisho. Kinyago hakikurithishwa sebuleni kama koti. Mzee alikicheza, akakirudisha porini hakijaaibishwa, na kule kule porini akamvika mpwa. Wengine wakicheza mahali pake, kamba imekatika, na Fortunatus atabaki na kipande cha mti. Upande wa pili alikuwa Mtasema, ambaye sasa alikuwa amelala na kidevu juu ya mguu wa bwana wake, akiwabwekea wageni bila hata kuinuka.

"Nikimnyamazisha bila kumuua?" aliuliza.

"Ukimnyamazisha, hatuna ugomvi."

Walipoondoka, Emilia alitoka jikoni. "Baba Winfrida, utamnyamazishaje huyu? Kamba anatafuna. Mwaka juzi ulimpeleka Lisekese kwa shemeji, akarudi kabla yako."

"Nitakwenda kwa Husseni."

Husseni alikuwa Myao wa Masasi, mwenye duka la vitu vya Dubai: redio, saa za ukutani, mablanketi yenye picha ya simba. Kwa kuwa yeye Myao na Nikolao Mmakonde, walikuwa watani, na mtani humtukana mtani mwenzake mbele ya watu na watu wakafurahi.

"Aa, mlaji wa panya ameshuka mlimani!" Husseni aliwaambia wateja wake. "Funikeni vyakula."

"Nimekuja kuona kama mama mkwe wako bado yupo, au umeshamuuza," alisema Nikolao. "Nyie Wayao mkipata mnunuzi hamlali."

"Yupo. Mnunuzi hakufika bei. Sema shida yako, mtani."

Nikolao akasema. Husseni akasikiliza, kisha akaingia nyuma ya mablanketi akatoka na mkanda mweusi wa shingoni. Ulikuwa na kisanduku kidogo, na kwa ndani vijiti viwili vya chuma vya kugusa ngozi.

"Una betri. Mbwa akitoa sauti, umeme unampiga shingoni. Akinyamaza, nao unanyamaza. Nilimnunulia mbwa wangu wa ghala, maana nyumba ya wageni ya jirani walilalamika."

"Naye yuko wapi?"

Husseni alikuna kichwa. "Aliibwa."

"Mbwa wa ulinzi aliibwa?"

"Yeye na magunia. Hata sauti hatukusikia. Mkanda waliuacha juu ya meza yangu, wezi wenye adabu."

Duka zima lilicheka, na Husseni akacheka kuliko wote. Nikolao alicheka kidogo. Aliugeuza ule mkanda mikononi, akagusa vile vijiti kwa kidole gumba.

"Chukua," alisema Husseni. "Mimi mkanda huu umenitia hasara ya kutosha. Lakini mtani, sikia neno la kweli. Usimwache nao siku nzima. Unachimba shingo."

Nyumbani Nikolao alimvika mbwa mkanda mchana, uani, Emilia akiwa anatwanga. Mtasema alijikuna, akazoea. Kisha mbuzi wa jirani akapita. Mbwa aliruka na kubweka mara moja, na sauti ikakatika katikati kama kamba. Alianguka ubavu. Akainuka, akatazama nyuma yake nani amempiga, akambwekea huyo aliyempiga, akapigwa tena. Halafu akamtazama Nikolao.

Mchi ulisimama hewani. "Umemfanya nini?" aliuliza Emilia.

"Hajafa."

"Sikuuliza kama amekufa."

Mtasema alikwenda kujificha chini ya uchanja wa vyombo, akakaa humo mpaka chakula kilipopoa. Kila mtu aliyepita njiani siku ile alipita bila kubwekewa, na wengine wakarudi nyuma kuuliza kama pana msiba.

"Mbwa asiyebweka ni mbuzi asiyelika," alisema Emilia. "Utamfuga wa nini?"

"Ni mpaka ngoma ipite. Ngoma ikiisha nitautoa."

"Mwulize yeye kama anajua maana ya mpaka."

Nikolao alijiambia kwamba mbwa aliyepigwa anapona, na mbwa aliyekufa haponi, na kwamba mjomba wake angefanya vivyo hivyo. Hilo la mwisho alilirudia mara nyingi, kama mtu anayekanyaga udongo wa kaburi ili usibonyee.

Siku ya ngoma ilifika na mambo yake mapya. Tangu zamani midimu ilitoka jua likianza kulegea, baada ya watu kula. Safari hii kamati iliisogeza asubuhi, kwa kuwa meneja alikuwa na ndege ya kuwahi Mtwara. Nikolao alimfunga Mtasema kwa kamba kwenye nguzo ya uchanja, mkanda ukiwa shingoni, akaingia porini na kikapu cha majani. Moto ndio kwanza ulikuwa unashika pale Fortunatus alipokuja mbio, fulana nyeupe ya kampuni imelowa kwapani.

"Mjomba, meneja ameshakaa! Vaa."

"Sijajifukiza."

"Kufukiza kwa nini? Si kwa ajili ya mbwa? Mbwa amenyamaza."

Nikolao aliutazama moto. Ulikuwa moto mdogo wa njiti, majani bado mabichi kwenye kikapu. Kutoka uwanjani walisikia jenereta ikinguruma na mtu akipuliza kipaza sauti.

"Mjomba, nakuomba. Usiniaibishe leo."

Alikuwa mtu wa kushika desturi, lakini alikuwa pia mzee anayeombwa na mrithi wake. Akasimama, akavaa. Moto ukazimika wenyewe.

Ndani ya kinyago mchezaji huona kupitia upenyo wa mdomo, tena kidogo tu: kipande cha ardhi, miguu ya wapiga ngoma, mstari wa kwanza wa mikeka ambako wanawake na watoto walikaa. Upande wa kulia palikuwa na turubai na viti, na chini ya turubai meneja na wageni wake wenye chupa za soda. Vijana waliotoka jando walisimama na nguo zao mpya, wametulia kama walivyofundishwa. Nikolao aliingia. Njuga zililia, watoto wakapiga yowe, wanawake wakarudi nyuma na mikeka yao. Magoti yalimkubalia. Alicheza vizuri, na alijua anacheza vizuri, na moyoni alianza kuhesabu kwamba kwa mzunguko huu na ule unaofuata atakuwa amemaliza, atarudi porini, atamwita Fortunatus, atamvika.

Ndipo ngoma kubwa ikakosea pigo.

Siku zote Mtasema alipokata kamba, alitangaza safari yake njia nzima. Vijana walimsikia kutoka mbali, wakamzuia kwa mawe pembeni ya uwanja, naye akabwekea pale pale alipozuiwa. Leo alikuwa amepita katikati ya miguu ya watu bila mtu kumsikia. Nikolao alimwona akiwa tayari ndani ya uwanja, kipande cha kamba kinamning'inia, amekodoa macho.

Mbwa alifungua mdomo kukibwekea kinyago. Mkanda ukampiga, akakaa chini. Akajaribu tena, kwa nusu ya sauti. Ukampiga tena. Alifunga mdomo, akatetemeka, kisha akafanya jambo ambalo asingelifanya kama angekuwa anabweka: akanusa. Mkanda ulikuwa umemfunga mdomo, haukumfunga pua. Alikuja kwa tumbo, taratibu, mpaka kwenye kifundo cha mguu wa mzimu, akanusa nguo, na mkia ukaanza kutikisika.

Nikolao alihama kushoto. Mbwa alihama kushoto. Aliruka, akageuka, akapiga mguu chini kama mzimu wenye hasira. Mtasema aliukwepa mguu, akarudi, akalala juu yake, kidevu mahali pake pa kila siku. Pale Makote hakuna aliyekuwa hajui kidevu kile hulala juu ya mguu wa nani.

Wapiga ngoma walikuwa wakipiga bila kutazamana. Kwenye mikeka mtoto mmoja alianza kusema, "Mama, mbona Mtasema..." na mkono ukamziba.

Mzimu una fimbo. Nikolao aliinua fimbo. Mbwa alimtazama juu, mkia unafuta vumbi. Ilibidi ampige, ampige kama kitu ambacho hakijawahi kumwona, mpaka akimbie, na hapo kinyago kingepona. Akampiga mgongoni.

Mtasema alilia. Mkanda ulisikia kilio, ukampiga. Akalia kwa pigo la mkanda, na mkanda ukampiga kwa kilio kile, akalia tena. Hakukuwa na namna ya kutoka ndani yake. Alijizungusha mavumbini, anajing'ata ubavu, macho meupe, na kila sauti ilizaa pigo na kila pigo lilizaa sauti. Waliokaa karibu walidhani ana kichaa wakakimbia. Fortunatus alikuwa chini ya turubai, amesimama, chupa mkononi. Hakuna aliyejua mkanda ule unafunguliwaje isipokuwa mtu mmoja, naye siku hiyo hakuwa mtu.

Nikolao alitupa fimbo. Alipiga magoti, akavuta vitambaa vya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, vikakwama, akavichana. Vidole vikatoka hadharani, vidole vyake vile vile vilivyobabuka kwa mafuta ya ganda la korosho. Alimbana mbwa kati ya mapaja.

"Tulia," alisema. "Tulia, baba. Ni mimi. Tulia."

Sauti ya mtu ilitoka ndani ya kinyago, ikasikika mpaka mwisho wa uwanja.

Bibi Anjelina, kungwi wa wanawake wa Makote, aliinuka kwenye mkeka wake. Hakupiga kelele. Aligeuka tu, akakipa kinyago mgongo, akaanza wimbo wa kuteka maji, wimbo ambao hauna shughuli yoyote na jando. Aliyekuwa kando yake akageuka. Kisha mstari wote, kisha mistari ya nyuma, wazee na wasichana, wakiwafunika watoto kwa khanga, migongo kwa migongo, wakiimba kwa nguvu zote wakitazama shamba tupu. Ndivyo walivyofundishwa kwenye unyago wao: kilichofichwa kikianguka, kipe mgongo mpaka kiokotwe. Wengi walifundishwa hivyo wakiwa wasichana na hawakuwahi kuhitaji kulifanya. Emilia alikuwa miongoni mwao. Aliimba huku machozi yakimtoka, na hakugeuza shingo.

Chini ya turubai walikuwa wakicheka. Walidhani ni mchezo. Meneja alipiga makofi hadi soda ikamwagikia suruali, akachukua kipaza sauti, akasema kwamba hajaona kichekesho kizuri namna ile tangu aanze kutembea mikoani, na akaomba kirudiwe.

Nikolao alifungua mkanda, akambeba mbwa, akaondoka naye kwenda porini, kinyago kikiwa bado usoni.

Kesho yake wazee waliitana nyumbani kwa Mzee Yunusi, mkuu wa jando. Nikolao alikaa chini, mbali kidogo na wengine, kama anavyokaa mtu mwenye kesi. Alijua hukumu. Kinyago kilichosikika kikisema hunyang'anywa, na jina la aliyekivaa halitajwi tena porini. Usiku hakuwa amelala. Alimpaka mbwa mafuta kwenye matundu mawili ya shingo na kusubiri kupambazuke.

Mzee Yunusi alimwita Bibi Anjelina, naye akasimama ukingoni mwa ua kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jana uwanjani mliona nini?"

"Tuliona shamba la Baba Pili. Limejaa magugu."

"Na kinyago?"

"Kilicheza vizuri. Kisha tukageuka, jua lilitupiga machoni."

"Mlisikia sauti ya mtu?"

"Tulikuwa tunaimba, mzee. Sauti zetu mbaya, lakini kubwa."

Mzee mmoja aliangua kicheko, na wengine wakamfuata, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mzee Yunusi aliinua mkono.

"Basi. Kama wanawake hawakuona, hakuna kilichoonekana. Nikolao, kinyago ni chako."

Nikolao alishika ardhi kwa viganja vyote viwili. Alimtafuta kwa macho Bibi Anjelina, naye alikuwa ameshaondoka.

Hapo Fortunatus akainuka. Alikuwa amevaa fulana ile ile, imefuliwa.

"Wazee wangu, kama kesi imekwisha, nina habari njema. Meneja amenipigia simu posta. Anatutaka kwenye maonyesho ya wakulima Masasi. Anataka ile ya mbwa. Kinyago kinacheza, mbwa anakuja, analala mguuni, kinyago kinampiga, halafu kinamfungua mkanda. Vile vile kama jana. Atatoa mabati ya kuezeka shule."

Hakuna aliyecheka tena.

"Na kinyago kiseme?" aliuliza Nikolao.

"Hayo maneno machache tu, mjomba. 'Tulia, ni mimi.' Hapo ndipo walipofurahi zaidi."

Nikolao alimgeukia mkuu wa jando. "Mzee Yunusi?"

Mzee Yunusi alikuwa akichora mavumbini kwa ncha ya bakora. Alikuwa mtu mzuri, na shule ilikuwa haina bati hata moja upande wa kusini. "Tukikataa, watachukua kile kikundi cha mjini," alisema. "Dunia imegeuka, Nikolao. Sisi tufanyeje?"

Wazee wengine walitazama bakora ile kana kwamba inaandika kitu. Nikolao aliwatazama mmoja mmoja. Wanawake, ambao hawakutakiwa kujua, walikuwa wamekificha kinyago. Wanaume waliokabidhiwa siri ndio waliokuwa wanakipangia safari. Aliinuka kwa shida, akaaga kwa heshima zote, akaenda zake.

Siku ya tatu Fortunatus alifika kwa pikipiki. Aliizima, akaja uani. Mtasema alimwona wa kwanza. Aliinuka, nywele za shingo zikasimama kuzunguka vidonda, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akakaa. Mkanda ulikuwa umesharudishwa kwa Husseni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umenishtua. Sikusikia hodi."

"Nimefuata kinyago. Gari la Masasi linaondoka kesho."

Nikolao alikuwa akisuka tenga la korosho. Aliendelea kusuka. "Nenda pale walipochoma kibanda cha jando. Kwenye majivu, upande wa mkorosho ulioanguka. Utakuta nta imeyeyuka. Mti umekwisha."

Fortunatus alifikiri ni utani. Alimtazama mjomba wake usoni, akaona si utani.

"Umekichoma?"

"Nimekichoma."

"Kilikuwa changu!" Sauti yake ilipasuka kama ya kijana. "Mjomba, mimi ndiye mpwa wako! Nani mwingine? Tangu utoto naambiwa kitakuwa changu. Nilikuwa nasubiri, hujui tu. Nilikuwa nasubiri."

"Najua."

"Ningekwenda mara hii moja tu, tupate mabati, kisha nikivae kama inavyotakiwa."

"Wangekuita tena."

"Ningekataa!"

Nikolao aliweka tenga chini. Hakuwa na hasira. Hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. "Ulikuja porini ukanikuta na moto," alisema. "Ukauliza kufukiza kwa nini. Na mimi mjinga nikasimama. Kosa ni letu wote wawili, Fortunatus, na aliyelilipa ni huyu hapa."

Fortunatus alikaa chini, pale pale mavumbini, na fulana yake nyeupe. Alikaa kama wanavyokaa watu wa nyumba yenye msiba. Aliuliza, bila kuinua uso, "Yalikuwa majani gani, mjomba?"

"Majani yapo tele. Cha kuyafukizia ndicho hakipo."

Emilia alitoka na bakuli la maji ya kumkaribisha mgeni. Aliwatazama wote wawili, akaliweka lile bakuli chini kati yao, akarudi jikoni. Mtasema alilisogelea, akanusa maji, akamtazama Fortunatus kwa muda, kisha akaanza kunywa, na hakuna aliyemfukuza.